Da 5 Bloods: wazee wanaorudi kwenye uwanja wa vita, na kwa nini hawakurudishiwa ujana wao

Mleta uzi (Moshi)

Jumapili iliyopita nilikaa na baba mkubwa wangu nyumbani kwake Old Moshi tukaangalia filamu ya Spike Lee iliyotoka Netflix tarehe 12 Juni 2020, inayohusu askari wanne weusi wa Marekani wanaorudi Vietnam wakiwa wazee. Mimi nilikuwa nimeiona mara mbili kabla ya siku hiyo, na mara zote mbili kuna jambo moja lililonikera mno. Naandika kwa sababu mzee alinionyesha kwamba jambo hilo hilo ndilo lenye uzito kuliko yote katika filamu ile, na ningependa kusikia kwa wengine walioiona. Ambaye hajaiona na anataka kuiona bila kujua mwisho wake, asisome zaidi ya hapa.

Kwa ufupi, wazee wale wanarudi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kutafuta mabaki ya kiongozi wa kikosi chao, Norman, aliyeuawa msituni na kuachwa huko. Ya pili ni sanduku la matofali ya dhahabu ambalo serikali ya Marekani ilikuwa imelipeleka kuwalipa wenyeji wa milimani waliowasaidia vitani. Ndege iliyolibeba ilianguka, kikosi chao kikaliona sanduku, wakakubaliana kulifukia ili waje kulichukua baadaye. Mabomu ya napalmu yakaunguza msitu, alama zote walizokuwa wameziweka zikapotea, na miaka mingi ikapita hadi maporomoko ya udongo yalipofichua mkia wa ndege ile.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Kila filamu inapowarudisha wazee hawa vitani, picha hubanwa ikawa karibu na mraba kama televisheni zetu za zamani, na rangi zake hubadilika kwa sababu sehemu hizo zimepigwa kwa mkanda wa milimita 16. Lakini waigizaji hawabadiliki. Delroy Lindo, Clarke Peters, Norm Lewis na Isiah Whitlock wanakimbia na bunduki wakiwa na mvi zao, mashavu yao yaliyolegea na pumzi zao fupi za uzee, ilhali katika hadithi wanapaswa kuwa vijana wa miaka ishirini na kitu. Hakuna kijana aliyewekwa badala yao, wala kompyuta haikutumika kuwafuta makunyanzi. Pembeni yao yupo Chadwick Boseman, anayeigiza Norman, kijana kabisa, akiwaongoza wazee wanaoweza kumzaa. Mimi niliona ni uvivu, au ni upungufu wa fedha, na nilipokuwa nikimtafsiria mzee (kwa kuwa Kiingereza cha filamu ile ni cha mtaani) niliona ni vyema nimwombe radhi kwa niaba ya mwongozaji. Nikaanza kumweleza kwamba hapa asishangae, hawa ni wale wale, ila tuwachukulie kuwa ni vijana.

Hakunisubiri nimalize. Alisema, "Mwanangu, ndivyo ilivyo. Mimi nikiota Lukaya, ninaivuka ile mafunjo na goti hili hili."

Baba mkubwa alikwenda vita vya Kagera mwaka 1978 akiwa na miaka 25, na Lukaya ni mahali nchini Uganda walipopigana na jeshi la Amin. Goti lake la kulia limekuwa likimsumbua kwa miaka kumi na zaidi sasa, tatizo la uzee la kawaida kwa mtu aliyelima mashamba ya mteremko maisha yake yote, wala si jeraha la vita. Aliniambia kwamba katika ndoto ile anahangaika kuinua mguu kwenye tope kwa sababu ya goti ambalo mwaka 1979 lilikuwa zima kabisa, na mbele yake yupo mwenzake, kijana wa Singida aliyekuwa akiwasomea barua wenzao wasiojua kusoma, anageuka na kumhimiza aharakishe. Kijana yule bado ana miaka 22. Mzee akasema siku hizi anapoamka anashindwa kumwita "mwenzangu", kwa kuwa umri ule ni wa mjukuu wake aliyeko chuo.

Tangu siku hiyo nimeirudia filamu nikiwa peke yangu, na sioni tena kosa nililokuwa nikiliona. Anayekumbuka hukumbuka akiwa na mwili alio nao leo. Aliyekufa ndiye pekee anayebaki kijana, na ndiyo maana Boseman peke yake hakuzeeka katika sehemu zile.

Ngarenaro

Ndugu mleta uzi, nimeisoma habari ya mzee kwa heshima kubwa na sitaipinga, kwa sababu yeye alikuwepo na mimi sikuwepo. Hata hivyo naomba tusiisafishe filamu kwa machozi ya mzee wetu. Nusu ya kwanza ni hadithi ya watu wanaorudi mahali walipoacha sehemu ya nafsi zao, na hapo hakuna kasoro kubwa. Lakini dhahabu inapopatikana, hadithi inageuka kuwa ya watu wanaopigania mali, na mwishoni tunabaki na milio ya risasi ambayo tumeiona katika filamu mia nyingine. Wazee wa miaka sabini wanafyatua bunduki kama vile hawakuwahi kuziweka chini. Hapo goti la baba mkubwa lingesema nini?

Jambo la pili linalonisumbua zaidi ni Wavietnamu wenyewe. Vita ile iliisha tarehe 30 Aprili 1975 katika mji wao, watoto wao ndio waliozaliwa juu ya mabomu yaliyobaki ardhini, na bado katika filamu hii wengi wao ni wapita njia, wauzaji, au watu wabaya wenye bunduki. Isipokuwa yule mwanamke aliyekuwa mpenzi wa Otis, mmoja wa wale wazee wanne, na binti waliyezaa, sikumbuki Mvietnamu niliyepewa nafasi ya kumjua. Anayerudi kwenye uwanja wa vita anarudi nyumbani kwa watu wengine, na hilo filamu imeligusa kwa ncha ya kidole tu.

Mwalimu wa Historia (Moshi)

Naomba niweke kumbukumbu ya Lukaya mahali pake, kwa sababu vijana wengi wanaosoma hapa watakuwa wamesikia habari za daraja la Kyaka lililolipuliwa mwanzoni mwa Novemba 1978 na hotuba ya Mwalimu Nyerere ya uwezo, sababu na nia, kisha wanaruka moja kwa moja hadi Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Katikati yake ndipo palipokuwa na Lukaya.

Baada ya mji wa Masaka nchini Uganda kutekwa mwishoni mwa Februari, majeshi yetu yalisogea kwenye barabara ya kwenda Kampala, na hapo Lukaya barabara imeinuliwa katikati ya kinamasi cha mafunjo, maji kushoto na kulia. Usiku wa tarehe 10 Machi jeshi la Amin likisaidiwa na Walibya lilishambulia kwa makombora ya BM-21, na brigedi yetu ya 201, iliyokuwa na mgambo wengi ambao hawakuwa wamezoea vita, ilivunjika safu na watu wakaingia kwenye kinamasi. Alfajiri ya tarehe 11 brigedi ya 208 ilitokea upande wa barabara ya Kampala, nyuma ya adui, na wale waliokuwa wamerudi nyuma wakapangwa upya na kushambulia kutoka mbele, hivyo adui akabanwa kutoka pande mbili. Kwa hiyo baba mkubwa anapozungumzia mafunjo, anazungumzia usiku mmoja mahususi, na kama alikuwa katika hiyo brigedi iliyovunjika, basi anabeba pia jambo ambalo wapiganaji hawapendi kulisema, kwamba walikimbia kabla ya kushinda. Hakuna aibu katika hilo. Watu wengi miongoni mwao miezi mitano tu kabla walikuwa wakulima.

Na kuna jambo la mji wetu huu. Tarehe 24 hadi 26 Machi mwaka huo, majuma mawili tu baada ya Lukaya, Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana hapa Moshi na kuunda umoja uliomchagua Yusuf Lule kuwa kiongozi, naye akawa rais baada ya Amin kuondolewa. Nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi wakati huo, na ninakumbuka magari ya wageni mjini. Hatukuwa na fikra yoyote kwamba kaka zetu bado walikuwa kwenye tope kwa ajili ya mkutano ule.

Mleta uzi (Moshi)

Mwalimu, nakushukuru sana. Nilimsomea mzee maelezo yako jana jioni kupitia simu. Alikuwa katika brigedi ya 201, kama ulivyohisi. Uliposema kwamba hakuna aibu, alikaa kimya kidogo, kisha akaniomba nirudie sentensi ile. Kuhusu mkutano wa Moshi alisema neno moja ambalo limenikaa kooni: wakati wageni wale wanakutana mjini kwetu, kijana wa Singida alikuwa bado hai. Alikufa siku chache baadaye, kabla Kampala haijaingiwa.

Ndugu wa Ngarenaro, nakubaliana nawe kuhusu nusu ya pili, na hata mzee alianza kusinzia risasi zilipoanza. Lakini kuhusu Wavietnamu naomba nikukumbushe tukio moja dogo ambalo kwangu lina uzito kuliko mapigano yote. Wazee wako ndani ya mashua kwenye soko la majini. Muuza kuku anasogeza mashua yake ubavuni mwao, anamnyanyua kuku na kumshikilia mbele ya uso wa Paul, yule mzee anayeigizwa na Delroy Lindo, anataka anunue. Paul anakataa. Muuzaji anang'ang'ania, kama wanavyong'ang'ania wauzaji wote duniani, kama vile pale stendi ya mabasi Moshi mtu anapokuwekea ndizi dirishani huku gari limeshaanza kutembea. Paul anafoka, na ndipo yule muuzaji naye anapobadilika na kumpigia kelele kwamba ninyi mliwaua baba yangu na mama yangu. Kuku bado yuko mkononi. Paul anaanza kutetemeka, hawezi kupumua, na mwanawe David hajui amshike wapi.

Kwa muda wa dakika mbili au tatu mle ndani ya mashua hakuna mshindi wala mshindwa wa vita ile, kuna watu wawili wenye maumivu na kuku mmoja kati yao. Hapo mzee aliinuka na kwenda nje kwenye migomba. Nilisimamisha filamu. Aliporudi alikuwa ameshika mkungu mdogo wa ndizi ambao hakuwa na haja ya kuukata siku hiyo, akauweka chini karibu na mlango, akasema tuendelee.

Kibosho Juu

Naomba niseme ambalo pengine halitapendwa. Je, ni haki kumkalisha mzee wa zaidi ya miaka sabini mbele ya filamu ya namna hii? Baba yangu mzazi alipigana vita hivyo hivyo na alifariki akiwa hajatusimulia hata siku moja. Mama alituonya tangu utotoni kwamba tusimwulize, na tusimguse akiwa usingizini, bali tumwite kwa jina tukiwa mlangoni. Tulikua tukiamini kwamba ndivyo baba wote wanavyoamshwa. Sikulaumu, mleta uzi, ila nauliza kama ulimwandaa.

Mleta uzi (Moshi)

Swali lako ni la haki, na pole sana kwa kumpoteza mzee. Sikumwandaa vya kutosha. Nilimweleza kwamba ni filamu ya askari wazee wa Marekani, na yeye akadhani ni habari ya sherehe na medali. Alifurahi mwanzoni alipomwona Muhammad Ali akieleza kwa nini alikataa kwenda Vietnam, akanikumbusha kwamba Ali alifika Dar es Salaam Februari 1980 akiwa ametumwa na Rais Carter kutuomba tususie Olimpiki ya Moscow. Baada ya tukio la kuku nilimwuliza kama tuache. Alikataa. Lakini kukataa kwake hakuondoi kosa langu la kutomwambia mapema kilichomo, na kwa yeyote anayefikiria kumwonyesha mzazi wake, naomba amsimulie hadithi yote kwanza, mwisho wake ukiwemo, kisha amwachie yeye aamue.

Hilo ulilosema kuhusu kumwita baba ukiwa mlangoni, baba mkubwa pia huamshwa hivyo. Sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Binti wa Muleba

Mimi sijaiona filamu, nimeufuata uzi huu kwa sababu ya Kagera. Nimezaliwa wilaya ya Muleba na sasa ninaishi Arusha, Sakina. Kwetu ndiko yaliko makaburi ya Kaboya, walikozikwa askari wetu waliokufa katika vita hivyo. Tukiwa shuleni tulipelekwa mara kadhaa karibu na Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, na kama watoto tulichojali zaidi ni kutembea barabarani bila walimu kutupanga mistari. Nimekua nikajua kwamba katika makaburi yale wamelala watu wa Mara, wa Dodoma, wa Kilimanjaro, wa Mtwara, ambao ndugu zao wengine hawakuwahi kufika kwetu, kwa kuwa safari ni ndefu na nauli si ndogo. Sisi ndio tuliokuwa tukipita pembeni yao kila siku kwenda shule na kuchota maji.

Ninachotaka kumwambia ndugu wa Ngarenaro ni kwamba anayerudi kwenye uwanja wa vita hurudi kwa watu wengine, ndiyo, na watu hao wengine huwa wanamsubiri kwa namna yao. Bibi yangu alikuwa miongoni mwa waliokimbia maeneo ya ng'ambo ya mto Kagera askari wa Amin walipoingia. Mpaka anafariki, akiona mzee mgeni amesimama Kaboya peke yake, alikuwa akimkaribisha nyumbani ale, bila kumwuliza ametoka wapi.

Ngarenaro

Dada wa Muleba, nimekuelewa, na ninaondoa maneno yangu kwamba filamu imeligusa jambo hilo kwa ncha ya kidole tu. Tukio la kuku nilikuwa nimelichukulia kama kichekesho kilichoharibika. Nitaliangalia upya.

Ila naomba mleta uzi anijibu jambo moja ambalo hakuligusa: siri ya Paul. Tunakuja kujua kwamba risasi iliyomuua Norman ilitoka kwenye bunduki ya Paul mwenyewe, kwa bahati mbaya, katikati ya mapambano. Amekaa nayo miaka yote bila kuwaambia wenzake. Kisha akiwa peke yake msituni, ameumwa na nyoka, ameshaachana na mwanawe, anatembea akizungumza huku akiitazama kamera moja kwa moja, na Norman anamtokea akiwa kijana vile vile, anamsamehe na kumkumbatia. Kwa maoni yangu pale Delroy Lindo aliigiza kuliko mwigizaji yeyote wa mwaka ule. Mzee alilipokeaje?

Mleta uzi (Moshi)

Alinitaka nimtafsirie mara mbili alichosema marehemu kumwambia aliye hai. Mara ya pili alinisogelea kwa sikio lake la kushoto, lile linalosikia vizuri. Hakusema lolote baada ya hapo, na mimi sikumwuliza, wala sitamwuliza. Nilimweleza tu kwamba Boseman alipokuwa akiigiza sehemu ile alikuwa akiumwa saratani bila wengi kujua, na kwamba alifariki tarehe 28 Agosti 2020, wiki kumi na moja baada ya filamu kutoka, akiwa na miaka 43. Mzee akasema, "Kumbe naye hatazeeka."

Mwalimu wa Historia (Moshi)

Kule Washington kuna ukuta mweusi wa mawe uliofunguliwa mwaka 1982, wenye majina zaidi ya 58,000 ya Wamarekani waliokufa au kupotea katika vita vya Vietnam. Watu huenda wakaweka karatasi juu ya jina na kulichora kwa penseli ili waondoke nalo. Nimekuwa nikiwaza, tangu niliposoma maelezo ya Binti wa Muleba, kwamba wanafunzi wangu wa hapa Moshi wanaujua ukuta ule kupitia filamu na hawaijui Kaboya. Baba mkubwa akiwa na afya ya kusafiri, mngemuuliza kama angependa kufika.

Mleta uzi (Moshi)

Mwalimu, nimeuliza. Nilidhani atasema goti haliwezi, kwa kuwa kutoka hapa hadi Muleba kwa basi ni zaidi ya kilomita 1,000. Badala yake aliingia chumbani akatoka na picha moja ndogo iliyokunjika pembe, vijana wawili wamesimama mbele ya pazia la studio, mmoja ameshika mkanda wa suruali kwa mikono miwili kama anaogopa utaanguka. Mjukuu wake aliyekuwepo aliichukua akauliza, "Babu, hawa ni akina nani?" Hakumtambua hata babu yake.

Mzee anataka kwenda Kaboya, na anataka kwenda kabla ya Julai, kwa sababu hataki kukuta gwaride. Lukaya yenyewe hataki kuiona. Alisema kuna jambo moja linalomsumbua, na alilisema kwa dhati kabisa akiwa ameishika ile picha. Walipokuwa hai, yeye na kijana wa Singida walisalimiana kwa kuulizana habari tu, kwa kuwa walipishana miaka michache. Sasa akifika pale akiwa na miaka yake sabini na kitu, mbele ya kijana wa miaka 22, hajui kama aulize habari kama zamani au asubiri shikamoo.

Binti wa Muleba, tafadhali niandikie basi la kutoka Arusha linatushusha wapi tukiwa tunakwenda Kaboya, na kama kuna mahali karibu ambapo mzee anaweza kulala bila kupanda ngazi.